Sura ya Saba: Tezi Zilizolala

Inspekta Masalu alikuwa amekuja kuchukua jina la sumu, basi. Alitaka neno moja tu la kuandika kwenye jalada, halafu arudi kituoni akanywe chai. Badala yake Daktari Odeta alimwekea mbele kisahani cha bati chenye vipande viwili vya nyama, vidogo, vyembamba, vya rangi ya manjano iliyopauka, akamwambia avitazame vizuri.

"Ndiyo sumu yenyewe?" Masalu aliuliza.

"Hakuna sumu, Inspekta."

Nje mvua ilikuwa inanyesha siku ya sita mfululizo. Mwaka ule wa tisini na saba mvua za vuli zilikuja na ubaya wake, barabara za mitaani zikageuka mifereji, na hapakuwa na mtu Mwanza aliyekuwa na viatu vikavu. Masalu alikuwa ametembea kutoka stendi mpaka chumba cha maiti, suruali imelowa hadi magotini, na hakuwa na moyo wa kubishana na daktari.

"Tumbo, ini, figo, vyote nimekagua," Odeta aliendelea. Alikuwa mwanamke mfupi wa Bukoba, msemaji wa taratibu, kama anayesomea darasa imla. "Sampuli zimekwenda kwa Mkemia Mkuu, Dar es Salaam, kama ulivyoagiza. Majibu yatakuja yakijisikia. Lakini mimi nakwambia leo, hatakuta kitu."

"Daktari, mama huyu alitapika siku tatu. Akaishiwa nguvu, akashindwa hata kukaa. Uji aliokunywa alipikiwa na wifi yake, na wifi mwenyewe walikuwa hawapikiki chungu kimoja."

"Alikuwa na malaria."

"Mtu mzima aliyezaliwa hapa hafi na malaria kwa siku tatu."

"Ndiyo maana nimekuwekea hivi viwili."

Masalu alitazama saa. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumatatu. Kesho yake saa mbili, Rose, mke wa Nestory, mkazi wa Nyakato, alikuwa apandishwe kwa hakimu kwa kosa la kumuua wifi yake Modesta. Mauaji hayana dhamana. Watu hukaa rumande miaka minne, mitano, mpaka karani anasahau walikoletwa. Rose alikuwa na mtoto wa miezi kumi na moja ambaye tangu Ijumaa alikuwa analia mikononi mwa majirani. Jalada lilikuwa kwapani mwa Masalu, limekamilika kila kitu isipokuwa hiyo sumu, na tuseme ukweli, hakuwa akimwonea huruma yule mama. Kwa miaka ishirini ya kazi alijua kwamba mtu akifa baada ya kula, unaanza na mpishi.

"Haya, nieleze," alisema.

"Hizi ni tezi. Kila mtu anazo mbili, zimekaa juu ya figo, moja huku, moja huku. Za mtu mzima zinatakiwa ziwe nene. Za Modesta zimesinyaa, limebaki ganda. Kazi yake mojawapo ni kutengeneza homoni inayoitwa kotisoli."

"Sijawahi kuisikia."

"Lakini unayo, na ndiyo inayokuamsha asubuhi. Ukikimbizwa na mbwa, ukilala njaa, ukipata homa, ubongo unaziamrisha hizi tezi, nazo zinamwaga kotisoli kwenye damu. Sukari inapanda upate nguvu, presha inakaa sawa, moyo unasukuma. Hatari ikipita, nayo inashuka. Ukiikosa kabisa, homa ndogo tu inakulaza na hunyanyuki."

"Basi ikiwa nyingi ndiyo afya."

"Kwa siku moja, ndiyo. Ikiwa nyingi mwaka mzima inautafuna mwili wenyewe. Uso unajaa unakuwa mviringo, tumbo linanenepa na miguu inabaki vijiti. Ngozi inakuwa nyepesi, ukimshika mtu mkono damu inavilia. Mifupa inadhoofu, presha inapanda, sukari inapanda, usingizi unapotea, vidonda haviponi. Hawa waliopunguzwa viwandani nawaona kliniki kila wiki. Hofu ya kila siku inawapandishia kotisoli kidogo kidogo, wanakuja na presha na macho mekundu ya kukesha. Ila ya huyu mama ilikuwa ya kiwango ambacho hofu peke yake haileti."

Masalu alifungua daftari lake. Kwenye ukurasa wa Ijumaa alikuwa ameandika: *mikono yote miwili ina alama za kuvilia damu, inawezekana alipigwa na mdogo wake Nestory.* Alimsomea.

"Hakupigwa," Odeta alisema. "Kafute."

"Ngoja kwanza. Tezi zimekauka, halafu unasema alikuwa nayo nyingi. Mbona havipatani?"

"Vinapatana. Alikuwa anaipata kutoka nje. Kuna vidonge vinavyofanya kazi ileile, tunawapa watu wa pumu, kwa kipimo. Ukivimeza muda mrefu, tezi zinaona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Kwa hiyo mtu haachi ghafla. Anapunguza polepole, wiki hata wiki, mpaka ziamke. Modesta aliacha ghafla. Malaria ikaingia, mwili ukaita kotisoli, pakawa hapana wa kuitika."

"Ile nyumba niliipekua mwenyewe, Daktari. Hakuna hata kidonge kimoja."

"Basi kuna kitu ulikishika mkononi ukakirudisha."

Masalu hakupenda kuambiwa vile, lakini alichukua kofia yake akatoka.

*

Nyakato walikuwa bado matangani. Wanaume waliketi kwenye mabenchi chini ya turubai lililojaa maji katikati, na walipomwona Masalu mazungumzo yalikatika kama redio iliyoishiwa betri. Nestory alikuwa na mtoto begani. Alikuwa mpakiaji kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, kijana wa miaka thelathini na mbili aliyelelewa na dada yake Modesta tangu wazazi wao walipofariki. Sasa dada kaburini, mke mahabusu, na yeye hajui amlilie nani kwanza.

"Umeleta habari, afande?"

"Nimeleta maswali. Nianze na mama Suzana."

Suzana ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, jirani wa ukuta mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya kwaya. Masalu alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, wakakaa barazani.

"Mama, ule ugomvi wa Jumapili. Nipe maneno yenyewe, usiongeze la kwako."

"Modesta alikuwa analia kabisa, baba. Anasema, Rose umenimalizia, unataka nife. Rose naye anamjibu, na mimi je, mimi nisiishi?"

"Alimmalizia nini?"

"Sasa mimi nikaulize? Ugomvi wa mawifi unauingilia wewe?"

"Kwenye maelezo yako tuliandika walikuwa wanagombea nyumba."

"Nyumba uliisema wewe, baba. Uliniuliza, ni mambo ya nyumba? Nikasema huenda, maana nyumba ni ya Modesta."

Ni kweli ndivyo ilivyokuwa. Suzana aliitikia kwa kichwa na Masalu akaandika, mama akaweka dole gumba chini. Kisha mtaa mzima ukajazia, kikulacho ki nguoni mwako, na kabla ya jua kuzama watu walikuwa wamekwisha kung'oa mabati ya jiko la Rose.

Masalu alimgeukia Nestory. "Dada yako alikuwa anatumia vidonge gani vya pumu?"

"Vidonge aliacha siku nyingi, afande. Tangu walipoanza kutulipisha hospitali hatukuviweza. Alikuwa anatumia dawa ya miti. Unga tu, kijiko kimoja kwenye chai kila asubuhi."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliuliza sumu. Ile ilikuwa dawa. Ilimponya. Miaka miwili kifua hakimsumbui, na mwili akapata, si umemwona mwenyewe alivyonawiri."

"Kopo liko wapi?"

Lilikuwa kwenye kichanja cha vyombo, limeoshwa, limefunikwa juu chini kati ya sufuria. Ijumaa Masalu alilishika, akachungulia ndani, akalirudisha palepale. Sasa aliligeuza. Ubavuni palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya unga, na juu yake muhuri wa wino wa zambarau: *Antoni, Mkolani. Pumu na Mwili.*

Muhuri ule aliujua. Wiki mbili zilizopita alikuwa ameuona kwenye makopo thelathini na sita kwa mpigo, siku alipoongoza askari wanne kuvunja kibanda cha Antoni katika operesheni ya waganga bandia. Mwandishi wa gazeti alimpiga picha amesimama nyuma ya makopo yaliyopangwa mezani, tumbo ndani, kifua mbele. Makopo yale yalikuwa stoo ya vielelezo, yamejaa, na ufunguo wa stoo alikuwa nao mfukoni.

"Hili lilipoonyesha dalili ya kwisha," alisema, "mlikwenda kununua jingine?"

"Nilikwenda mwenyewe Mkolani," Nestory alisema. "Nikakuta kufuli la polisi."

Masalu alilifunga lile kopo kwenye gazeti, akaandika hati ya kuchukua kielelezo, akampa Nestory asaini.

*

Rumande walimletea Antoni akiwa peku. Huyu bwana alikuwa mhudumu wa zahanati ya kiwanda cha nguo kwa miaka kumi na tisa, mpaka kiwanda kilipouzwa na mwenye mali mpya akasema zahanati ni hasara. Akalipwa barua ya shukrani na baiskeli. Alikuwa mtu mpole, wa kukaa mikono mapajani.

"Kwenye ule unga kuna nini?" Masalu aliuliza.

"Mlonge, afande. Na tangawizi."

"Na nini?"

"Ni hivyo tu."

"Antoni, natoka hospitali. Nimeona tezi za Modesta kwenye kisahani."

"Modesta wa Nyakato?" Antoni alinyanyua uso. "Amefanya nini?"

"Amefariki Alhamisi."

Antoni akasema kwa sauti ya chini, "Prednisoloni, vile vidonge vya pumu vya hospitali. Nasaga vidonge mia kwa kila kopo. Mlonge ni wa rangi tu."

"Unavipata wapi?"

"Siku hizi ni soko huria, afande. Duka la dawa kila kona, na muuzaji jana alikuwa anauza misumari. Ukiwa na hela nani atakuuliza cheti?"

"Ulijua vinaua."

"Nilijua vinaua ukiviacha. Nimekaa na madaktari miaka kumi na tisa, nilikuwa nasikia. Kwa hiyo kila mteja wangu namwambia, usiruke hata siku moja, hata ukisafiri beba. Hakuna aliyepata kufa mkononi mwangu." Alimtazama Masalu usoni. "Na wewe nilikwambia. Siku ile mnanipakia kwenye gari. Nilisema, afande, nina watu wananitegemea kwa hii dawa, msiifungie yote. Mlicheka."

Walicheka kweli. Kila mtu anayekamatwa ana watu wanaomtegemea. Askari angesikiliza hayo yote asingemkamata yeyote. Masalu alikumbuka kwamba aliyeanza kucheka ni yeye.

"Wako wangapi?"

"Arobaini na mmoja. Majina yako kwenye daftari langu, mnalo nyinyi."

"Pale Nyakato ni Modesta peke yake?"

"Wawili. Yule wifi yake naye. Rose."

Masalu aliacha kuandika.

"Alikuja Januari," Antoni alisema. "Ametoka kujifungua, amekonda, mifupa ya shingo imechomoza. Mtaani walikuwa wameshaanza kumhesabia siku. Unajua afande mtu akikonda mji huu anatazamwaje, wanasema tayari ana ule ugonjwa, hata maji ya kisima wanamtekea mbali. Hakuwa na ugonjwa. Alipima, cheti nilikiona. Alikuwa na njaa, na hofu, na mtoto anayenyonya. Nikamwanzishia nusu kijiko. Baada ya miezi miwili uso umejaa, midomo ya watu ikafungwa. Walikuwa wanachangia kopo moja yeye na Modesta, mume hajui. Kwani naye ana hali gani?"

"Yuko mahabusu tangu Ijumaa."

"Anapewa?"

Masalu alikuwa ameshafika mlangoni.

*

Koplo Getruda alikuwa kaunta, anapanga karatasi za mahakama za kesho. "Afadhali umekuja, afande. Yule mama wa Nyakato tangu jana anajitapisha. Sasa anadai hawezi kusimama. Nimemwambia mbele ya hakimu atasimama tu."

Getruda hakuwa mtu mbaya. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameona kila aina ya maradhi yanayowapata watu siku moja kabla ya mahakama, na yote hupona wakipewa dhamana. Alichukua funguo huku akiguna.

Rose alikuwa amelala kwenye saruji, amejikunja, shavu limegusa sakafu. Uso ulikuwa bado wa mviringo na unang'aa, uso wa mtu mwenye shibe, lakini midomo ilikuwa imepasuka na jasho la baridi limemtota. Kwenye vifundo vya mikono, pale pingu zilipokaa Ijumaa kwa nusu saa, palikuwa na pete mbili za damu iliyovilia, nyeusi, pana. Kitabu cha kituo kilisema mtuhumiwa alileta ukaidi wakati wa kukamatwa. Masalu alikuwapo. Hakuleta ukaidi wowote.

"Rose. Unga wako wa mwisho uliula lini?"

Alifumbua macho kidogo. "Ijumaa," alisema. "Asubuhi. Kabla hamjaja."

Wakambeba wawili, Getruda miguu, Masalu mabega. Mlangoni wakakutana na Mkuu wa Upelelezi, mtu wa tumbo na kalamu nne mfukoni.

"Mnampeleka wapi mtuhumiwa wangu wa mauaji?"

"Hospitali, afande."

"Amekunywa nini?"

"Hajanywa. Ndiyo shida yenyewe." Masalu hakusimama. "Modesta hakupewa sumu. Alikosa dawa, na huyu naye ameikosa, na wako thelathini na tisa wengine. Dawa yenyewe ipo stoo kwetu."

Mkuu wa Upelelezi alimfuata mpaka kwenye gari, mvua inampiga. "Sikiliza. Andika ni dawa za kienyeji zimewadhuru. Mambo ya operesheni usiyaweke. Unataka watu waje kuchoma kituo?"

"Nitaandika nilichokikuta, afande."

"Na akitoroka huyu, utakaa wewe mahali pake."

"Sawa, afande."

Kabla gari halijaondoka Masalu alimpa Getruda daftari la Antoni lenye majina. "Chukua gari la doria na kipaza sauti. Anza Mkolani, maliza Pasiansi. Mwambie kila mmoja aende hospitali leo hii, hata kama anajisikia mzima, na aseme alikuwa anatumia dawa ya Antoni. Usikamate mtu."

Odeta alikuwa anawasubiri na sindano tayari. Presha ya Rose ilikuwa hamsini, sukari imeporomoka. Alimdunga haidrokotisoni, akamtundikia dripu ya maji ya chumvi na ya sukari, akavuta kiti akakaa karibu naye. Masalu alisimama dirishani. Hapakuwa na cha kupeleleza.

Saa tisa alasiri Rose alimuulizia mtoto wake.

Saa kumi Getruda akarudi, buti zimejaa matope. Kati ya wale thelathini na tisa alikuwa amewaona kumi na saba, wote njiani kuja. Wengine bado anawatafuta. Pasiansi, kwenye jina la kumi na mbili, alikuta turubai limefungwa uani na watu wamekaa. Walimwambia ni malaria, wamezika Jumamosi.

Masalu aliandika jina lile, akavuta stuli mpaka kitandani kwa Rose.

"Siyo maelezo ya onyo," alimwambia. "Wewe sasa ni shahidi. Niambie ilivyokuwa."

Rose alisema akiangalia dari. "Kopo lilibaki na vijiko vitatu. Nestory alikuwa amerudi Mkolani mikono mitupu, akasema kumefungwa. Jumapili alfajiri nikaamka kabla ya wifi, nikavimimina vyote kwenye pindo la kanga. Yeye alipoamka akakuta kopo jeupe."

"Ulijua ni dawa yake ya pumu."

"Nilijua. Nilifikiri, wifi ameshajaa mwili, kifua kimeshapona, atavumilia mpaka tupate nyingine. Mimi nikikonda tena wataanza. Wewe hujawahi kupita kisimani watu wakanyamaza." Alimeza mate. "Alililia sana. Nikamjibu vibaya. Jumanne akaanza homa. Nikampikia uji kwa sababu alikuwa anaumwa, afande, siyo kwa sababu nyingine. Alikuwa wifi yangu. Mimi nilipokuwa na uchungu wa mtoto huyu alinishika yeye."

"Naandika hivyo."

"Kwa hiyo ningemwachia vile vijiko, angekuwepo?"

Masalu alimwangalia Odeta. Odeta alikuwa anahesabu matone ya dripu, na hakuacha kuhesabu. Mtu angeweza kudanganya hapo na asingelaumiwa na yeyote.

"Vingemfikisha siku ambayo daktari angemuona," Masalu alisema. "Labda. Siwezi kukwambia hapana."

"Basi andika nimemuua."

"Siandiki hivyo."

"Si ndilo mlilokuwa mnalitafuta? Mlinifunga pingu kwa hilo."

"Rose, kuna makopo thelathini na sita stoo kwangu. Yamejaa mpaka juu. Niliyafungia mimi. Antoni aliniambia watu wataumia, nikacheka. Kama si mimi, vile visingekuwa vijiko vya mwisho. Mngegombana, mume wako angeleta kopo jingine, mkapatana."

Rose aligeuza kichwa kwa mara ya kwanza akamtazama. Alimtazama muda mrefu, na hapakuwa na msamaha kwenye macho yale, wala Masalu hakuuomba.

"Nestory anajua?"

"Bado."

"Ya vijiko mwachie. Nitamwambia mwenyewe nikitoka, anifukuze au anibakize. Hayo yako kaseme wewe. Leo."

*

Alifika Nyakato saa kumi na moja na nusu, mvua imepungua imekuwa manyunyu. Nestory alimwona kwa mbali akaja mbio, mtoto kifuani.

"Mke wangu?"

"Yuko hospitali, amepata nafuu. Hana kesi. Kesho hapelekwi mahakamani wala popote, na mtoto unaweza kumpeleka akamwone sasa hivi."

Nestory aliinamisha uso kwenye kichwa cha mtoto, akalia palepale kwenye matope, bila kujificha. Wazee wakaanza kusema asante Mungu. Mama Suzana alikaa chini akajifunika kanga usoni. Na kwa kuwa pale ni matangani na aliyekuja matangani halali njaa, mtu mmoja alimsogezea Masalu nafasi kwenye benchi, mwingine akamwagia maji ya kunawa, ukaletwa ugali na sato wa mchuzi. Watu walewale waliokuwa wamemnunia asubuhi.

"Kula, afande," Nestory alisema, akifuta macho. "Umetusaidia. Nilijua Rose hawezi." Akakaa karibu naye. "Basi umempata aliyefanya?"

"Nimempata."

"Ni nani?"

Wote kwenye mabenchi wakamgeukia. Masalu alikuwa ameshanawa, mkono uko kwenye sahani. Aliurudisha. Akasimama, akavua kofia, akawatajia jina lake kamili, na namba yake ya polisi, na cheo.